Bonde Lililofungwa

Kadiri Philomena alivyovuta mkono, ndivyo miiba ilivyozidi kuingia.

Mguu mmoja ulikuwa umezama kwenye tope hadi gotini, katikati ya mashina ya ukindu. Mkono wa kulia ulinaswa juu, kwenye miiba mirefu inayoota chini ya majani. Wa kushoto alishikia shina asizame zaidi. Panga lilikwisha kumponyoka na kumezwa na tope. Kando yake, juu ya nyasi, lililala fungu la majani machanga ambayo hayajafunguka.

Yeyote ambaye angeliona angejua kosa lake. Majani ya namna hiyo hukatwa moyoni mwa mti. Mashina mengi yalikuwa yamekauka kwa kukatwa ovyo, na kikundi cha wasukaji wa Sapiwi kilikuwa kimelifunga bonde zima ili ukindu uote tena. Walikubaliana kwamba atakayekamatwa atafukuzwa, na hatasuka nao tena maisha yake yote.

Philomena mwenyewe alinyoosha mkono kukubali. Lakini siku ile Violeth, bintiye, alikuwa hajachumbiwa. Sasa harusi ilikuwa imekaribia, na mkeka ambao Philomena alimwahidi ulikuwa umekwama katikati. Ukindu alioagiza kutoka Lalago ulifika mkavu, ukikatika kila alipoukunja.

Alifikiria kupiga kelele. Lakini atakayekuja kumtoa ndiye atakayemkamata.

Ndipo akasikia nyasi zikikanyagwa.

Kupitia majani akaona kitenge cha kijani. Alikuwa Mama Nyanjige, mwenyekiti wa kikundi. Ndiye aliyesimama mkutanoni akasema, "Hata akiwa dada yangu, ataondoka." Sasa alikuja peke yake, taratibu, akisimama kila mara kusikiliza. Hakuita mtu. Chini ya kitenge alibana panga.

Ameziona nyayo zangu, Philomena aliwaza.

Akabana pumzi. Jua lilimchoma kisogoni, jasho likamwingia machoni, wala hakuwa na mkono wa kujifuta. Nyanjige akapotelea nyuma ya kichaka. Kisha panga likaanza kulia. Anafyeka njia. Anakuja. Kila pigo lilisikika karibu kuliko lililotangulia.

Philomena akajaribu kujichomoa kwa nguvu zake zote. Shina alilolishika likainama, naye akadidimia. Tope likafika pajani, la baridi, likimvuta. Akamwona Violeth akilini, amesimama mlangoni, anamsubiri mama asiyerudi. Akaona aibu ni afadhali.

"Mayu!" akalia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mayu Nyanjige, ni mimi, Philomena! Nimekosa! Nimekata majani ya kikundi. Nifukuzeni, nimekubali, lakini kwanza nitoe hapa!"

Panga likanyamaza.

Halafu majani yakaachana, na uso wa Nyanjige ukatokea, umelowa jasho, macho yamemtoka. Begani alikuwa amebeba fungu la majani machanga, kubwa kiasi kwamba lilimpinda shingo.

"Punguza sauti, Philomena," alinong'ona, akilitua haraka na kushuka topeni. "Wenzetu wako hapo juu kisimani. Watatukamata."