Mguu Uliobaki Hewani

Ngoma zilinyamaza, na Syombua akabaki ameinua mguu wa kushoto mbele ya watu waliojaa ukumbi wa mji wa Wote.

"Kilumi, mchezo wa bibi zetu wa kupunga pepo, unaishia hapa," aliwaambia. "Hatua inayofuata hatukufundishwa."

Nyanya yake, aliyeketi mstari wa mbele akiwa na kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani, aliinamisha uso. Kila msichana alipomwomba amfundishe, jibu lake lilikuwa moja: "Mimi nimeokoka. Waulize wenye mapepo."

Mguu ule ulianza kutetemeka. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama vya mtoto anayejifunza kusimama.

Nyanya akavua viatu, akapanda jukwaani.

"Legeza bega, wewe. Hili si gwaride," alisema, na watu wakacheka. Akauinua mguu wake kando ya ule wa mjukuu.

"Halafu, susu?" Syombua akamnong'oneza nyanya yake.

Nyanya alifumba macho. Aliitafuta hatua ile magotini, kiunoni, mabegani. Mwishowe akaanza kuimba kwa sauti ndogo ili mguu ukumbuke, lakini wimbo uliomjia ulikuwa wa kanisani.