Jani la Mgomba

"Shosho, lazima biashara ikue," mshauri wa masoko aliniambia, akaling'oa lile jani la mgomba linaloambia watu miraa imefika. Mahali pake akatundika bango lenye picha yangu, nikicheka na meno yangu matatu.

Nikaketi kibandani pangu. Magoti yaliniuma, na kubishana na mtu mwenye laptopu kunachosha.

Mpaka saa tisa hakuna aliyenunua. Kwa jua hili la Isiolo, miraa yangu ilishaanza kunyauka.

Mshauri akarudi, shavu limevimba, anatafuna.

"Na hiyo umenunua wapi, mjukuu wangu?"

"Kwa Karwitha, hapo ng'ambo. Kwako sikuona jani, shosho, nikajua imeisha."

Nikalitazama bango. Na yeye akalitazama.

Akaacha kutafuna.