Midoli Miwili ya Utafiti

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne na nusu asubuhi, Eveline Kalinga aliunyooshea kidole mdoli mweupe, na tangu hapo nyumba ya baba yake haikupata amani tena.

Alikuwa na miaka saba, darasa la kwanza, shule ya kijiji huko Kilolo. Watafiti walifika na gari la chuo. Walitaka kujua watoto wa kike na wa kiume wanaionaje rangi yao, na hilo linawasaidia au kuwaumiza vipi darasani. Mezani waliweka midoli miwili, mmoja mweusi, mmoja mweupe, gauni la aina moja, viatu sawa.

"Yupi mzuri?"

Mweupe.

"Yupi ana akili?"

Mweupe.

"Yupi ungependa akae nyumbani kwenu?"

Eveline aliukumbatia ule mweupe akagoma kuurudisha. Ilibidi walimu wawili wamnyang'anye. Madam Mercy, mkubwa wa watafiti, akaweka vema zake kwenye fomu. Fomu ilikuwa na visanduku thelathini na sita. Cha kuandika kwa nini hakikuwepo.

Wiki tatu baadaye mwalimu mkuu, Yotamu, alimwita Kalinga ofisini.

"Kamwene, Baba Eveline."

"Kamwene, Mwalimu. Kafanya nini?"

"Ripoti imerudi. Wasichana wengi wamechagua mweupe, ila wa kwako kawapita wote. Wanasema anaichukia ngozi yake. Na mtoto wa hivyo, masomo hayapandi. Wanasema kayatoa nyumbani."

"Nyumbani kuna mimi, yeye, na kuku sita. Kuku gani kamfundisha?"

Mwalimu alicheka, kisha akakumbuka kwamba yeye ni mwalimu mkuu, akaacha.

Siku ya pili akaja ofisa wa ustawi wa jamii, jina lake Sedekia, na pikipiki. Hakukaa. Alizunguka chumbani akitazama kuta.

"Picha ya mama yake iko wapi?"

"Hakuna."

"Hata ya harusi?"

"Nilizichoma."

"Kaburi?"

Kalinga alitazama chini. "Ubaruku."

"Ubaruku kubwa, mzee. Sehemu gani?"

Kalinga akaanza kuwafukuza kuku mlangoni.

"Mtoto anasema umemkataza kumtaja mama yake mbele za watu."

"Nimemkataza."

"Kwa nini?"

"Mambo yangu hayo."

Sedekia akaandika, akafungua ukurasa mwingine, akaandika tena.

Verediana, mama yake Eveline, alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, kwa kidonda kilichoanzia sikioni, kidogo kama punje ya mchele. Zahanati walimpa dawa ya kupaka wakamrudisha. Alipokwenda tena wakampa ileile. Mara ya tatu wakamgombeza kwamba amechelewa. Kalinga alimzika akisaidiwa na shemeji yake mmoja tu, bila matanga, bila msalaba, akamwaga saruji juu asije akafukuliwa. Wiki hiyohiyo akahama Ubaruku na mtoto mgongoni, akaja kuishi mahali ambapo hakuna aliyemjua.

Barua ilikuja na mhuri. Kalinga, aliyeishia darasa la tatu, aliisoma kwa kidole, neno moja moja, na alipofika mwisho alirudia mwanzo, labda amekosea. Hakuwa amekosea. Ijumaa alitakiwa afike ofisi ya ustawi, Iringa mjini, na mtoto, na nguo za mtoto. Asipoeleza yanayoendelea nyumbani kwake, Eveline angepelekwa kwenye kituo cha kulelea watoto. Wakubwa wana haraka ya kumchukua mtoto, alifikiri. Kwenye kile kidonda haraka hii ilikuwa wapi?

Ijumaa ikafika. Eveline aliachwa kwenye benchi nje, na mfuko wake wa nguo mapajani. Ndani walikuwa Sedekia, Madam Mercy, karani mmoja, na mama wa chai aliyekuwa akipanga vikombe polepole kuliko kawaida. Madam Mercy alikuja na midoli yake miwili kama ushahidi, akaiegemeza dirishani.

"Mzee Kalinga," alisema kwa upole, "hatukuchukii. Tunataka kumsaidia binti. Mama yake yuko wapi, na kwa nini unamficha?"

"Alikufa."

"Alikufaje?"

"Kaulizeni zahanati."

"Tunakuuliza wewe," Sedekia alisema.

Kalinga alipiga magoti. Mwanamume wa miaka hamsini na minne, kofia mkononi, sakafuni kwa watu wanaolingana na wanawe. "Nifungeni mimi. Mwacheni mtoto. Sina mwingine jamani, sina."

"Basi sema."

Akafungua mdomo. Akamtazama karani. Akamtazama mama wa chai, ambaye sasa alikuwa amesimama na kikombe kimoja tu mkononi. Akaufunga.

"Nikisema hapa," alisema, "nitakuwa nimemuua mara ya pili."

Kalamu ya Sedekia ilisimama. "Mara ya pili?"

Madam Mercy alivuta karatasi ya kituo, akaisogeza upande wa Sedekia, naye akaigonga mhuri. "Mwiteni binti," Sedekia alisema. "Amuage baba yake."

Eveline aliingia na mfuko wake. Hakwenda kwa baba. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akaunyakua mdoli mweupe, akauingiza ndani ya sweta lake, kichwa na vyote, akaukumbatia kwa mikono miwili. Kisha akawageukia wale watu wazima, ana hasira, machozi yakimtoka.

"Mama hakai juani!" alisema. "Akikaa anaungua, anatoka vidonda. Nani kamweka mama yangu juani?"