Kokoto Uwanjani

Mzee Mfaume alimkuta binti yake, Siwema, amesimama juu ya kokoto, mpira mkononi, sare ya jana bado mwilini. Lori lilikuwa limezimwaga alfajiri ile, katikati ya uwanja wa kikapu wa sekondari. Mkuu wa shule alikuwa ameapa: timu ya wasichana ikifungwa tena, uwanja unageuzwa maegesho ya wageni wake. Jana wakafungwa kwa pointi moja, mechi ya saba mfululizo, na mtupo wa mwisho, uliogonga ringi ukatoka, ulikuwa wa Siwema.

"Twende nyumbani, mama," alisema mzee.

"Bado, Baba. Nilikosa mmoja tu."

"Ulikosa wewe? Wamewapeleka na uji mtupu tumboni, viatu vya kuazimana, halafu wakubwa wanashangaa mmefungwa! Hata marehemu mama yako alipougua, wakubwa waliniambia dawa zinakuja."

"Baba, hapa mpira haudundi. Siwezi kutupa bila kudundisha."

Mzee akasonya. Kisha akapiga magoti, akachakura kokoto kwa viganja mpaka sakafu ikaonekana, upana wa ungo. Siwema akadundisha mara tatu, akatupa. Mpira ukapenya ringi bila kuigusa, ukaangukia kokoto, puu, ukatulia palepale.

"Umeona, Baba?"

"Nimeona."

Siwema akaenda kuuokota. Lori la pili lilikuwa linaingia getini kinyumenyume, na mzee bado yuko magotini, mikono yote miwili imezuia kokoto zisiporomoke tena.