Ufaransa, Estonia na Chibalonza

"Ufaransa!" Olivier alipaza sauti, mikono kwenye usukani.

"Pesa nyingi kwa jumla," alijibu Chibalonza.

"Estonia!"

"Nchi ndogo, watoto wachache. Gawanya kwanza, ndipo ulinganishe."

Olivier akapiga honi kwa furaha. Dereva wa lori lililokuwa mbele yao, pale Guildford, Uingereza, akatoa kichwa dirishani kuangalia kulikoni. Chibalonza akacheka mpaka karatasi zikamdondoka mapajani.

Kazini, kwenye ghala alikokuwa msimamizi wa zamu, Olivier alikuwa ameomba ruhusa ya siku nzima. "Nina mtihani," alimwambia bosi wake. Wala hakukumbuka kwamba mtihani haukuwa wake.

Angekumbuka vipi? Miaka minne alikuwa ndani ya masomo hayo kama mwanafunzi wa pili. Yeye ndiye aliyemwandikisha Chibalonza chuoni. Kila Jumapili wakitoka kanisani, waliketi mezani na kompyuta, wakipekua takwimu: serikali ya Ufaransa inatumia kiasi gani kwa shule za msingi, ya Estonia kiasi gani, na kila mtoto anafikiwa na kiasi gani. Estonia yenyewe Olivier hakuwahi kuisikia. Sasa aliizungumzia kama shamba la mjomba wake, mpaka mkewe Bibiane akapiga marufuku kuitaja wakati wa kula.

Leo Chibalonza alikuwa anautetea utafiti wake mbele ya wahadhiri watatu. Akianguka, shahada ingengoja mwaka mwingine.

Mlangoni mwa ukumbi wa chuo Olivier akamsimamisha.

"Mama, maji umebeba?"

"Nimebeba, papa."

"Chooni umeenda?"

"Papa, wee! Watu wanasikia."

Akamweka sawa kola ya gauni, akampangusa unga wa chapati shavuni. "Usiongee mbiombio. Ukisahau kitu, niangalie mimi."

Akaenda kukaa safu ya nyuma. Akajifunga vifungo vya koti kana kwamba yeye ndiye aliyeitwa mbele.

Chibalonza alianza vizuri. Akasalimia, akataja nchi zake mbili, akaonyesha mchoro wa kwanza. Kisha kinachofuata kikampotea. Akapekua karatasi zake mbele, akapekua nyuma.

Akamtazama Olivier.

Olivier akainua viganja, akaanza kukata hewa vipandevipande kama anayegawa keki. Chibalonza hakuelewa. Olivier akakata kwa nguvu zaidi, halafu uvumilivu ukamwishia.

"Gawanya!" akabwata.

Ukumbi mzima ukageuka. Kisha Chibalonza akapasuka kicheko, wahadhiri nao wakacheka bila kujua wanacheka nini, na tangu hapo hakuna aliyemshika. Alieleza jinsi jumla inavyoweza kumdanganya mtu, akagawa kwa kila mtoto, akarudi kwenye jumla, akajibu maswali kabla hayajamalizika kuulizwa. Nyuma, Olivier alikuwa akiitikia kwa kichwa kila jibu, midomo ikienda sambamba na yake.

Wahadhiri wakanong'onezana kidogo. Mkuu wao, mwanamke mrefu mwenye miwani, akasimama.

"Umefaulu," alisema. "Tena vizuri sana."

Olivier aliruka kiti kikaanguka. Akapiga vigelegele, yeye mwanamume mzima, kisha akajifunika uso kwa viganja na kulia waziwazi.

"Nina swali moja tu, la udadisi," mhadhiri akasema, akisubiri kelele zitulie. "Wanafunzi wengi huchagua vyuo vikuu. Wewe kwa nini shule za msingi?"

Chibalonza akajipangusa machozi ya kicheko.

"Kwa sababu mimi shule hiyo sikuwahi kuiona kwa ndani," alisema. "Kusoma nilifundishwa kwenye kambi ya wakimbizi, ndani ya hema, na huyo anayelia pale nyuma. Alikuwa na miaka saba, mwalimu mkali ajabu, na nilikuwa nimemzaa mwenyewe."