Mtori Chini ya Mgomba

Pudensiana alichungulia dirishani, akahakikisha binti yake ameshavuka geti, kisha akatoka na bakuli la mtori hadi nyuma ya nyumba na kuumwaga wote chini ya mgomba. Mtori wenyewe ulikuwa wa haja, umepikwa kwa ndizi na nyama ya mbavu, bado wa moto. Tumbo lake lilinguruma kwa nguvu hata akaona aibu, ingawa waliokuwapo kusikia ni kuku tu. Akarudi jikoni, akalamba kidole kimoja, akajilaumu.

Mambo yalianzia zahanati. Nesi alimpima, akaitazama mashine mara mbili, akauliza, "Mama, sukari inakunyemelea. Jioni unakula nini?" Pudensiana akasema anakula kawaida. Hakusema kwamba tangu mumewe Reginald azikwe nyumbani Kibosho, miaka minne sasa, kawaida yake ni kukaa mbele ya televisheni na mkate mzima, chipsi za kibandani na soda mbili. Haikuwa njaa. Mtu anayetafuna hasikii ukimya wa nyumba yake, basi alitafuna mpaka taarifa ya habari iishe.

Kanisani akapata habari za kusafisha mwili. Siku saba za juisi ya bitiruti, tango, tangawizi na limao, bila kutafuna chochote, halafu unaanza upya kama mtu mwenye akili, mboga nyingi na ugali wa kukadiria. Akanunua blenda. Siku ya kwanza aliililia chapati, machozi kabisa, wala si utani.

Siku ya tano ilikuwa Jumapili. Alikwenda misa sketi imeshikwa na pini. Mama Gadiel, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa pale Daraja Mbili, Arusha, aliiona ile pini kabla hata ya kusalimia. Na kwa watu waliotoka Kilimanjaro kama wao, mwanamke wa miaka hamsini na nane akipungua ghafla, hakuna anayeuliza anakula nini. Wanauliza anaumwa nini.

"Nasafisha mwili tu," Pudensiana alimweleza.

"Ndiyo, mama. Safisha," alijibu Mama Gadiel, kwa ile sauti watu wanayoitumia wodini.

Jioni ile ile jumuiya nzima ikaingia. Wakaja na mtori, mtindi, mayai ya kienyeji, maziwa kutoka Nduruma. Mzee Elimringi aliwaombea wagonjwa wote wa dunia mpaka watoto wakasinzia. Pudensiana aliwaapia kwamba haumwi, nao wakatikisa vichwa kwa huruma, maana lisemwalo lipo. Walipoondoka alikuwa na hasira. Akaenda kuosha vikombe, akakuta ni kumi na vinne. Tangu watu wa msiba wa Reginald watawanyike, hakuwahi kuosha zaidi ya kimoja. Aliviosha polepole, akajikuta anafurahi, akavipanga kabatini.

Wakaja tena. Wakapangiana zamu, kina mama asubuhi, wazee jioni. Mama Gadiel akafua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Mtu akatengeneza taa ya barazani iliyokuwa imekufa tangu mwaka juzi. Rozari ya jumuiya ikahamia sebuleni kwake, Jumamosi moja, ikafuata nyingine. Kwenye sketi pini zikawa mbili. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, na mwenyeji huyu aliwapokea wageni wake kwa tabasamu, mashavu yamebonyea.

Halafu Mama Gadiel akapiga simu Mwanza. Hope, mtoto pekee wa Pudensiana, alikuwa na dakika mbili za mama kila Jumapili: uko salama, haya, salimia watu. Alhamisi akashuka kwenye basi, akasimama mlangoni na begi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

Hope aliitazama mifupa ya shingo ya mama yake, akaanza kulia. Mara ya mwisho kukanyaga nyumba hii ilikuwa Krismasi ya mwaka juzi.

"Mama Gadiel anasema huli."

"Nasafisha mwili. Ni juisi tu."

"Mama, usinifiche. Mimi si mtoto."

Hospitali walimpima kila kinachopimika, hawakuona ugonjwa. Daktari alisema jambo moja tu: ale, tena aanze leo, moyo umeshaanza kuchoka. Tangu siku hiyo Hope alilala kitanda kimoja na mama yake. Alimsuka nywele. Alimsimulia ya kazini, na ya mchumba ambaye Pudensiana hakuwahi kusikia hata jina lake. Kumbe anaitwa Oscar, na anaogopa kuku.

Sasa geti lililia. Hope aliingia na mfuko kutoka dukani, akaliona bakuli tupu mezani, uso ukamchangamka.

"Umekula, mama?"

Pudensiana alikuwa ameshajilaza kwenye kochi. "Nilijaribu. Nimetapika wote."

Hope akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa mapajani kwa mama yake.

"Kazini wamenipigia," alisema. "Nimewaambia sirudi mpaka nikuone unakula. Hata vijiko viwili tu, mama, niondoke na amani."

Akainuka, akachota mtori mwingine sufuriani, akakipoza kijiko kwa pumzi yake na kukisogeza. Harufu ya nyama ilimjaza Pudensiana mate mdomoni. Alifumba midomo, akageuzia uso ukutani.

"Haupiti, mwanangu."

Zile siku saba za juisi zilikuwa zimekwisha mwezi mzima uliopita.