Babu Saba wa Dereva

"Inatangazwa kwa wananchi wote kwamba gari la wagonjwa, lililokuwa likiegeshwa mbele ya zahanati, kuanzia leo litaegeshwa nyuma yake."

Msimamizi wa zahanati alikuwa bado anabandika tangazo hilo ukutani mkunga Sikudhani alipomjia mbio. Mzazi wodini alikuwa akivuja damu, hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima, na Chande, dereva pekee mjini, alikuwa amerudi kutoka harusini akinuka pombe.

Chande alimwagiwa maji, akanyweshwa ndimu, kisha, kwa desturi ya mji ule, akatakiwa kutaja babu zake saba ili apimwe ulevi. Aliwataja wote bila kujikwaa.

"Amelevuka," alisema msimamizi.

"Ulimi wake umezoea tu, mzee," alisema Sikudhani. " Pombe ingali kwenye damu, na damu hiyo ndiyo inayopita ubongoni. Wa kuiondoa ni ini, nalo halifanyi haraka kwa sababu ya ndimu."

"Dada, ini hilo ni langu au lako?" aliuliza Chande, na watu wakacheka.

Sikudhani alimrushia funguo za gari. Kiganja cha Chande kilifumbata hewa. Funguo zilikuwa zimekwisha kuanguka.

"Funguo hazikuumbwa zidakwe," alisema msimamizi.

Sikudhani aliinama, akaokota funguo ambazo yeye hakujua kuzitumia, huku msimamizi akitoa uamuzi wake: ili kuondoa shaka yote, dereva ataje pia bibi zake saba, ndipo aondoke na mzazi.